JOHAN GADOLIN NA JIWE JEUSI LA YTTERBY

Kila mwanafunzi wa kemia amekwisha kuiona ile chati kubwa ya elementi iliyotundikwa ukutani. Wengi wetu twaijua vizuri sehemu yenye oksijeni, kaboni, sodiamu na chuma, maana maswali ya mtihani hutoka huko. Lakini chini kabisa pana mistari miwili iliyotengwa peke yake, na macho yetu huipita upesi kama msafiri apitavyo kijiji ambacho hana ndugu. Katika mstari wa kwanza wa hiyo miwili, namba 64, limeandikwa jina gadoliniamu. Jina hilo limetoka katika jiwe, na jiwe lilipewa jina la mtu. Habari za mtu huyo ndizo nitakazosimulia hapa, kwa kuwa zina mafunzo kwa sisi tunaosoma mbali na miji mikubwa na mbali na vyombo vya thamani.

Johan Gadolin alizaliwa tarehe 5 Juni mwaka 1760 katika mji wa Åbo, ambao Wafini wenyewe huuita Turku. Siku zile nchi ya Ufini haikuwa na serikali yake. Ilikuwa sehemu ya ufalme wa Uswidi, na mfalme alikaa Stockholm, ng'ambo ya bahari. Jamaa yake walikuwa watu wa kanisa na watu wa elimu. Baba yake, Jakob Gadolin, alifundisha fizikia katika chuo kikuu cha Åbo, akawa na bidii katika elimu ya nyota, kisha akafanywa askofu wa mji huo. Babu yake mzaa mama, Johan Browallius, naye alikuwa mtaalamu wa maumbile, kisha askofu. Basi kijana huyo alikua katika nyumba ambamo dini na elimu zilikaa pamoja bila kugombana.

Mwaka 1775, akiwa na umri wa miaka 15, aliingia chuo kikuu cha Åbo kusoma hesabu. Haukupita muda mrefu akaona kwamba hesabu peke yake haimridhishi, akageukia kemia. Mwaka 1779 alivuka bahari kwenda Uppsala, kwenye chuo kikuu kilichokuwa na sifa kubwa kuliko vyote katika Uswidi, akawa mwanafunzi wa Torbern Bergman. Huyo Bergman alikuwa bingwa wa kuchambua madini, yaani kulitwaa jiwe, kuliyeyusha, na kuonyesha limefanyizwa kwa vitu gani na kwa kiasi gani. Gadolin alijifunza kazi hiyo kwa mikono yake mwenyewe. Mwaka 1781 alitoa andiko juu ya uchambuzi wa chuma, na mwaka 1784 akatoa jingine juu ya kiasi cha joto ambacho vitu mbalimbali huhitaji ili vipate moto.

Mwaka huo huo wa 1784 Bergman alifariki dunia. Kiti chake kilikuwa wazi, na Gadolin, ambaye alikuwa na miaka 24 tu, aliomba apewe. Hakuchaguliwa. Kwa kijana mwenye akili na matumaini hilo lilikuwa pigo, maana Uppsala palikuwa na maabara, vitabu na jina, na Åbo palikuwa mahali padogo pembeni mwa ufalme. Lakini hakukaa chini na kulalamika. Alirudi kwao, na mwaka 1785 akapewa cheo cha profesa wa ziada, yaani profesa asiye na kiti kamili. Kiti chenyewe kilikuwa cha Pehr Adrian Gadd, mwalimu wake wa zamani, na Gadolin alikingoja kwa miaka 12, hata Gadd alipofariki mwaka 1797.

Wakati wa kungoja hakuupoteza bure. Kuanzia mwaka 1786 alisafiri, akapita Denmark, Ujerumani, Uholanzi, Uingereza na Ireland, akiwatembelea wataalamu na kufanya kazi pamoja nao. Huko London alifanya kazi na Adair Crawford, na huko Ireland na Richard Kirwan. Mtu wa namna hiyo hupata faida kwa lugha anazozijua. Pamoja na Kiswidi, ambacho ndiyo lugha ya mama yake, Gadolin alijua Kilatini, Kifini, Kirusi, Kijerumani, Kiingereza na Kifaransa.

Siku zile kemia ilikuwa katikati ya vita. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba kila kiwakacho kina kitu fulani ndani yake, walichokiita flojistoni, na kwamba kitu kikiungua flojistoni hutoka. Ndipo Lavoisier, Mfaransa, alipoonyesha kwa mizani kwamba mambo ni kinyume: kitu kikiungua huungana na oksijeni ya hewa. Wazee wengi walikataa kuacha mafundisho ya ujana wao. Gadolin aliyapima mafundisho mapya, akayakubali, na mwaka 1798 akatoa kitabu cha kufundishia kemia. Kitabu hicho kilikuwa cha kwanza katika lugha ya Kiswidi kufuata mafundisho hayo mapya. Wanafunzi wake hawakulazimika kungoja elimu hiyo iwafikie kwa lugha ya wageni.

Tena alikuwa na desturi moja iliyokuwa ngeni kabisa katika vyuo vya Ulaya wakati ule. Maprofesa wengi walisoma maneno yao mbele ya wanafunzi, na wanafunzi wakaandika. Vyombo viliguswa na profesa au msaidizi wake tu. Gadolin aliwafungulia wanafunzi maabara yake mwenyewe, akawaacha wayeyushe, wachuje na kupima kwa mikono yao. Sisi ambao leo twashika neli za kioo na taa ya spiriti katika vipindi vyetu twapaswa kumshukuru mtu kama huyo.

Sasa na tulitazame lile jiwe. Karibu na Stockholm, katika kisiwa cha Resarö, kiko kijiji kiitwacho Ytterby. Hapo watu walichimba mawe: kwanza kwatzi kwa ajili ya viwanda vya chuma, kisha feldispa kwa ajili ya vyombo vya kauri. Mwaka 1787 Luteni Carl Axel Arrhenius, askari wa mizinga aliyependa sana kemia, alikuwa akitazama machimbo hayo, akaokota kipande cha jiwe jeusi na zito ambalo hakupata kuliona mahali pengine. (Msomaji asimchanganye na Svante Arrhenius, yule wa ayoni, aliyezaliwa mwaka 1859.) Arrhenius huyu hakuwa profesa. Alikuwa askari tu, lakini macho yake yalikuwa wazi. Wachimbaji walikuwa wakitupa mawe kila siku. Yeye aliliokota moja akauliza ni kitu gani. Kwa sababu ya uzito wake alidhani huenda lina wolframu. Jiwe likaitwa itebaiti, kwa jina la kijiji.

Jiwe hilo, ambalo leo huitwa gadolinaiti, lina sura ya kupendeza kwa mtu ajuaye kutazama. Kwa mbali ni jeusi kama kipande cha makaa, lakini likivunjwa hung'aa kama kioo kilichovunjika, na kama kioo halipasuki kwa kufuata mistari iliyonyoka, bali hupasuka kwa mabonde yaliyopinda mfano wa kombe la baharini. Ukichukua kibanzi chembamba na kukiinua kwenye mwanga, weusi wote huondoka na rangi ya kijani huonekana. Ugumu wake ni kati ya 6.5 na 7 katika kipimo cha Mohs, kwa hiyo laweza kuchora kioo. Ukubwa wa ngumi moja wa jiwe hili una uzito kupita maji mara 4 na zaidi, hali kwatzi ya kawaida haifikii mara 3. Hupatikana katika miamba ya jamii ya matale ambayo fuwele zake zimekua kubwa sana.

Ndani yake, chembe za silikoni na za beriliamu zimeshikana na oksijeni na kufanya tabaka kama mikeka, na katikati ya mkeka na mkeka zimekaa chembe za itriamu na za chuma. Kwa namba za kemia huandikwa Y2FeBe2Si2O10. Mara nyingi huwa na uraniamu na thoriamu kidogo. Mionzi ya elementi hizo, kwa miaka mamilioni, huupiga na kuuvuruga mpango wa chembe, hata jiwe likabaki na umbo la fuwele kwa nje, na kwa ndani limevurugika kama kioo. Jiwe la namna hiyo likitiwa motoni hufanya jambo la ajabu: likifika joto fulani, ghafula huwaka mwanga lenyewe, kwa kuwa chembe zarudi mahali pake na kutoa nguvu iliyokuwa imefungwa ndani.

Mambo hayo ya ndani hayakujulikana bado wakati wa Gadolin. Mwaka 1792 Arrhenius alimpelekea kipande cha jiwe lake. Kilikuwa kidogo. Gadolin alikisaga, akakiyeyusha kwa asidi, akaanza kutenga kitu kimoja kimoja: hiki huganda, hiki huyeyuka katika potasi, hiki hubaki. Kila kilichotengwa kilikaushwa na kupimwa kwenye mizani. Hatimaye alipata hesabu hii: katika sehemu 100 za jiwe, silika ilikuwa 31, alumina 19, oksidi ya chuma 12, na sehemu 38 zilikuwa udongo usiojulikana.

Neno hilo udongo lahitaji kuelezwa. Wataalamu wa wakati ule waliita udongo vitu kama chokaa, magnesia na alumina, ambavyo haviungui wala havibadiliki motoni. Waliviona kuwa vitu vya asili visivyogawanyika. Leo twajua kwamba ni oksidi, yaani metali iliyoungana na oksijeni. Basi huo udongo mpya wa Gadolin kwa tabia fulani ulifanana na alumina, na kwa tabia nyingine ulifanana na chokaa, lakini alipoujaribu kwa hili na kwa lile, haukuwa alumina wala haukuwa chokaa.

Hapa ndipo tunapouona moyo wa mtu huyu. Kupata udongo mpya lilikuwa jambo la kumpa mtu sifa Ulaya nzima, na watu wengi siku zile walikuwa wakitangaza udongo mpya ambao baadaye ulionekana kuwa ni ule wa zamani wenye taka. Gadolin alijua hayo. Alipotoa habari zake mwaka 1794 katika kitabu cha Chuo cha Sayansi cha Uswidi, alieleza kila hatua ya kazi yake na kila kipimo, kisha akasema waziwazi kwamba hathubutu kudai kwa hakika kwamba amegundua kitu kipya, maana jiwe alilopewa lilikuwa dogo na hakuweza kurudia majaribio kama alivyotaka. Akaongeza kwamba elimu haitapata faida kama aina za udongo zitazidishwa ovyo ovyo. Kwa maneno mengine, aliiacha kazi yake mezani, imefunuliwa yote, ili mwingine aje aikague.

Mwingine akaja. Mwaka 1797 Anders Gustaf Ekeberg wa Uppsala alilichambua jiwe hilo hilo, akiwa na kipande kikubwa zaidi, akathibitisha kwamba udongo ule ni mpya kweli. Akauita itria. Mwaka 1800 Martin Heinrich Klaproth, Mjerumani, akalipa jiwe jina la gadolinaiti kwa heshima ya mtu aliyelichambua kwanza.

Lakini hadithi haina budi kusimuliwa yote. Zile sehemu 19 ambazo Gadolin aliziita alumina hazikuwa alumina. Mwaka 1798 huko Paris, Vauquelin aligundua udongo mwingine mpya katika jiwe la berili na katika zumaridi, nao ndio oksidi ya beriliamu. Udongo huo huyeyuka katika potasi kama alumina ifanyavyo, kwa hiyo ni rahisi sana kumdanganya mtu. Ekeberg alipolitazama tena jiwe jeusi baada ya habari hiyo, aliuona humo. Basi Gadolin alikuwa ameshika mikononi mwake vitu viwili vipya kwa siku moja. Kimoja alikitambua, na cha pili kilimpita kimevaa nguo za mwingine. Je, kosa hilo laondoa sifa yake? Nadhani la. Kwa kuwa aliandika alivyofanya na kiasi alichopata, waliokuja nyuma waliweza kuona hasa mahali pa kusahihisha.

Hata itria yenyewe ilikuwa mfuko wenye mifuko ndani. Mwaka 1843 Carl Gustaf Mosander huko Stockholm aliigawa mara tatu, na humo zikatoka itriamu, tebiamu na ebiamu. Mwaka 1878 Marignac wa Geneva akatenga itebiamu. Majina yote manne yametoka katika kijiji kimoja cha Ytterby. Mwaka 1879 zikafuata skandiamu ya Nilson, na holimiamu na thuliamu za Cleve. Mwaka 1886 disprosiamu ya Lecoq de Boisbaudran. Na mwaka 1907 lutetiamu. Yaani kazi aliyoianza Gadolin kwa kipande kidogo cha jiwe ilichukua zaidi ya miaka 110 kumalizika. Sababu yake ni kwamba elementi hizo ni kama mapacha: hufanana mno katika kemia, na kuzitenga kulitaka kurudia kazi ile ile mara mia na zaidi. Ama gadoliniamu, Marignac aliona dalili zake mwaka 1880, na Lecoq de Boisbaudran akaipa jina mwaka 1886.

Turudi kwa Gadolin mwenyewe. Alimwoa Hedvig Magdalena Tihleman, wakapata watoto tisa. Mwaka 1809, baada ya vita, Ufini ilitoka mikononi mwa Uswidi ikaingia chini ya Kaisari wa Urusi. Bendera ilibadilika; Gadolin aliendelea kufundisha. Alistaafu mwaka 1822. Hata baada ya kustaafu aliendelea na kazi, na mwaka 1825 akatoa kitabu cha Kilatini kilichoyapanga madini kwa kufuata kemia yake.

Kisha, mwezi wa Septemba mwaka 1827, moto mkubwa uliuteketeza mji wa Åbo. Chuo kikuu kiliungua, na maabara na mkusanyo wake wa madini, kazi ya miaka mingi, vikaungua pia. Mwaka uliofuata chuo kikahamishiwa Helsinki. Mzee huyo alikuwa na miaka 67. Jiwe huweza kuungua na nyumba yake, bali yale aliyokwisha kuyachapisha yalikuwa yametawanyika katika nchi nyingi, na moto haukuweza kuyafikia. Aliishi shambani mwake huko Wirmo, akafariki tarehe 15 Agosti mwaka 1852, mwenye umri wa miaka 92. Gadoliniamu ilipopata jina alikuwa amekwisha kaa kaburini miaka 34.

Huenda msomaji akauliza: mambo haya yatuhusu nini? Mgonjwa akipigwa picha ya ndani ya mwili kwa mashine ya sumaku, mara nyingi hudungwa dawa yenye gadoliniamu ili madaktari waone vizuri zaidi. Elementi hiyo hutumika pia katika tanuri za nguvu za atomi, maana huzinyonya nyutroni kupita karibu vitu vyote. Tena kipande chake huvutwa sana na sumaku kikiwa baridi, lakini kikifika joto la nyuzi 20 hivi nguvu hiyo hupotea. Adhuhuri ya nchi zetu ingetosha kuifukuza. Ebiamu nayo huongeza nguvu ya mwanga katika nyaya za kioo zipitazo chini ya bahari, kama zile zilizofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009. Na ardhi ya majirani haikunyimwa jamii hii ya elementi. Huko Gakara nchini Burundi zilichimbwa tangu wakati wa Wabelgiji, na zimo katika kilima cha Ngualla nchini Tanzania na katika kilima cha Mrima nchini Kenya, ijapokuwa huko zimekaa katika madini ya aina nyingine, si katika gadolinaiti.

Ndugu zangu wanafunzi, na ninyi wazee wa shule mliotutangulia, mimi nimejifunza mambo matatu kwa Gadolin. Kwanza, kukosa kiti cha Uppsala hakukumzuia. Kazi iliyompa jina aliifanya kwao, Åbo. Wengi wetu tutakosa nafasi tulizoziomba, na yatupasa kukumbuka hilo siku ya majibu. Pili, mwanzo wa yote alikuwa askari aliyeinama kuokota jiwe ambalo wengine walilitupa. Usilolijua usilidharau. Tatu, ni afadhali kusema jambo dogo ulilolipima kuliko kutangaza kubwa usilolijua. Tukiandika katika daftari za maabara kipimo tulichokiona, hata kama hakilingani na jibu la kitabu, tutakuwa tumefuata njia yake. Anayebadili namba ili apate alama amewafungia njia watakaokuja nyuma yake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita